Wanafuta Kanuni Zetu kwa Rula Yangu

Ofisi ya Katibu,
Umoja wa Wakazi wa Jengo,
Chini ya Ngazi.

Kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu,
Mahakama Kuu.

KUH: BARAZA LA USULUHISHI KUJIPA MAMLAKA YA KUFUTA KANUNI ZA WAKAZI

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na joho lako limepigwa pasi. Sisi huku tu wazima wa mwili, ila kanuni zetu zinakufa moja moja.

Mimi ni Katibu wa Umoja wa Wakazi katika jengo la ghorofa tano. Kwa kazi ya mikono ni fundi redio. Meza yangu iko chini ya ngazi, karibu na mita za umeme, na hiyo hiyo ndiyo ofisi ya Katibu. Sheria sikuisomea. Nimejifunza kwa kusoma magazeti ambayo wateja hufungia redio zao, kwa hiyo elimu yangu ni pana, ila ina kurasa zilizokosekana.

Umoja wetu una maandishi ya aina mbili. Ya kwanza ni Katiba, ukurasa mmoja wenye ibara nane, uliotiwa kwenye fremu ya kioo na kupigiliwa ukutani hapo mlangoni. Tuliipitisha miaka tisa iliyopita, mwezi ule jengo lilipopakwa rangi, na nakiri kwamba wengi wetu tulidhani ni sehemu ya mapambo. Ya pili ni Daftari la Kanuni, ambalo hutunzwa na Katibu. Kanuni hupitishwa na mkutano wa wakazi, na mkutano hufanyika maji yanapotoka kwenye bomba la uani, maana hiyo ndiyo saa pekee ambayo kila mtu yuko chini. Mwenyekiti husoma, wakazi hunyoosha mikono. Aliyeshika ndoo kwa mikono yote miwili huhesabiwa kuwa amekubali.

Sasa kisa chenyewe. Mwanzoni mwa mwaka Kamati ya zamani ilishindwa uchaguzi. Alasiri yake ya mwisho madarakani ilimteua Mama Dobi wa ghorofa ya nne kuwa Mtunza Ufunguo wa Paa. Mama huyu hufua mashuka ya nyumba za wageni. Bila paa hana jua, na bila jua hana kazi. Barua ya uteuzi ikaandikwa, ikatiwa saini, ikapigwa muhuri. Katibu wa wakati huo, Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya pili, alitakiwa tu kupanda ghorofa mbili ampe mwenyewe. Akaisahau kwenye droo. Anasema alikuwa anatafuta kofia yake. Kesho yake droo ikawa yangu.

Mwenyekiti mpya, ambaye ni muuza magodoro, alipoiona barua ile aliniambia, "Katibu, hiyo iache ilale." Nikaiacha ilale. Ufunguo akautia mfukoni, na mashuka ya Mama Dobi yakaanza kukaukia kwenye korido, yaani hayakukauka. Yalinuka kama nguo zilizosahauliwa ndani ya begi. Nyumba mbili za wageni zikatafuta dobi mwingine.

Mama Dobi akapeleka shauri Baraza la Usuluhishi. Baraza lina watu watatu: Mkunga wa ghorofa ya kwanza, Kinyozi mwenye kibanda kando ya lango, na mkuu wao, ambaye Kamati ya zamani ilimkalisha kwenye kiti hicho wiki yake ya mwisho. Mheshimiwa, keti vizuri. Mkuu huyo ni Mwalimu yule yule aliyeisahau barua kwenye droo.

Baraza hukaa Jumamosi kwenye kibanda cha Kinyozi. Mwalimu hukaa kwenye kiti cha kunyolea, kile kinachozunguka, hivyo anaweza kumgeukia kila mdai bila kuinuka. Siku ile alijiuliza maswali matatu kwa sauti. Je, Mama Dobi ana haki ya barua yake? Anayo, maana barua ikishatiwa saini na muhuri imekamilika, iwe mkononi iwe kwenye droo. Je, aliyenyimwa haki anastahili kusaidiwa? Anastahili. Je, msaada huo utoke kwetu hapa?

Mwenyekiti alikuwa amejiandaa. Wangemwamuru autoe ufunguo, angekataa, halafu tuone. Na kweli, wangemfanya nini? Baraza halina askari. Lina kiti kinachozunguka na mikasi miwili.

Mwalimu akasema hapana, msaada hauwezi kutoka hapa. Mama Dobi amekuja moja kwa moja Barazani kwa ruhusa ya Kanuni ya 12. Lakini ibara ya sita ya Katiba inasema Baraza litasikiliza rufaa tu, za mambo yaliyokwisha kuamuliwa na Kamati. Kanuni imetupa tusichopewa na Katiba. Kanuni na Katiba zikigongana, Katiba husimama na kanuni huanguka. Akaomba rula. Nikampa yangu, ya chuma, ninayopimia waya. Akapiga mstari mwekundu juu ya Kanuni ya 12, ambayo aliiandika yeye mwenyewe enzi zake za ukatibu.

Tulishangilia hadi barabarani. Mama Dobi alipanda ngazi, beseni kichwani, na sisi tunapigana viganja. Mwenyekiti akaniambia, "Umeona, Katibu? Wameniogopa." Nami nilicheka. Ilinichukua wiki mbili, nikiwa ninaunga waya wa spika, kuelewa kilichotokea. Mzee yule alivua shati lake mbele yetu, yaani ile Kanuni ya 12, tukampigia makofi, na wakati mikono yetu imeshughulika na makofi akavaa koti letu.

Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba mamlaka hayo ya kufuta kanuni hayakuandikwa popote. Nimeisoma Katiba yetu mara kumi na moja, nikiwa nimesimama, kwa sababu imepigiliwa juu. Neno "kufuta" halimo. Nilimwuliza Mwalimu amelipata wapi. Akanijibu, "Katibu, kazi yetu ni kusema kanuni zinasemaje. Zikiwa mbili na zinagombana, mimi nisome ipi na ipi niifumbie macho?" Nikamshauri azifumbie macho zote mbili, kama walivyofanya watangulizi wake kwa miaka tisa, na jengo halikuanguka. Akanitazama kwa namna ambayo nadhani alikuwa akiwatazama watoto wa darasa la tatu.

2. Kwamba kanuni alizozifuta zilikuwa nzuri, na nilizitungia lugha mimi mwenyewe. Kanuni ya 19 ilikataza kumzungumzia Mwenyekiti kwenye ngazi, isipokuwa kwa kumsifu, tena kwa sauti inayofika ghorofa ya tatu anakoishi. Imefutwa, eti ibara ya tatu inampa kila mkazi ruhusa ya kutoa maoni yake. Kanuni ya 23 ilimtaka mwenye lalamiko dhidi ya Mwenyekiti aombe kwanza kibali cha Mwenyekiti. Utaratibu gani mwingine ungeonyesha heshima zaidi? Imefutwa. Kanuni ya 31 ilisema kipindi cha Mwenyekiti kitaisha atakapochoka. Katiba inasema miaka miwili. Mwenyekiti alieleza kwa unyenyekevu kwamba hakuiondoa miaka miwili, bali ameiongezea mingine, na mtu anayeongeza hawezi kuitwa mwizi. Mkunga akacheka mpaka akashika mbavu. Mwalimu hakucheka. Alinyoosha mkono bila kugeuka, akasema, "Rula."

3. Kwamba hesabu imedharauliwa. Kanuni ya 31 ilipita kwa mikono arobaini na miwili. Sifichi kwamba kati ya hiyo kumi na saba ilikuwa imeshika ndoo, lakini ndoo nazo zina wenyewe. Watu watatu wanawezaje kuwashinda arobaini na wawili? Mwalimu anasema mikono ilikwisha kuhesabiwa siku ya kupitisha Katiba, na siku hiyo tuliahidiana kwamba kuna mambo hatutafanyiana hata tukiwa wengi. Tukitaka kuibadilisha, anasema, tuibadilishe waziwazi, kwa theluthi mbili, ndoo zikiwa chini. Mheshimiwa, umewahi kusikia watu wakipiga kura ndoo zikiwa chini na maji yanatoka? Hiyo ni kutuzuia kwa ujanja.

4. Kwamba wamefungua paa. Mama Dobi, ambaye tulidhani amekata tamaa, alirudi kwa njia iliyonyooka. Akaomba Kamati, Kamati ikamkatalia, akakata rufaa. Safari hii hakudai ufunguo wala barua. Alisema tu kwamba Kanuni ya 20, inayofanya paa kuwa sehemu ya mapumziko ya viongozi, inapingana na ibara ya nne, inayosema sehemu za pamoja ni za wakazi wote. Mstari. Jioni hiyo hiyo Kinyozi alipanda na bisibisi (aliiazima kwangu, bila kunieleza sababu) akang'oa kitasa. Leo Mwenyekiti anatembea na ufunguo usio na mlango. Huupapasa mfukoni anapoongea na watu. Inasikitisha kuuona ukubwa wa mtu ukibaki kwenye kitu kidogo namna ile. Na mashuka, Mheshimiwa! Ukitazama juu kutoka barabarani utadhani jengo linataka kuruka.

5. Kwamba wanatumia rula yangu. Nilimwazima Mwalimu kwa dakika moja na ni mwezi wa saba sasa. Waya nazipima kwa shubiri. Kwa lugha ya sheria, mimi ni mshiriki wa uhalifu ninaoulalamikia.

6. Kwamba Katiba sasa inasomwa. Zamani mtu akipita mlangoni aliangalia mita yake akaenda zake. Siku hizi wanasimama, wanasogeza miwani, wanaonyeshana kwa vidole. Kioo kimejaa alama za vidole na mimi ndiye wa kukifuta. Juzi nilimkanya Mama Dobi kwa kuacha beseni zake karibu na meza yangu. Alinisomea ibara ya tano kwa kichwa, kwamba mkazi hatanyang'anywa mahali pake pa kazi bila kusikilizwa. Nilimwambia ibara hiyo ni ya bure kabisa, na kwa miaka tisa sijaona mtu aliyeihitaji.

7. Na hili ndilo kubwa. Juzi hiyo hiyo, maji yalipotoka, tulipitisha Kanuni ya 43, ya usafi. Inasema: "Kila kilichowekwa chini ya ngazi, kiwe meza, kiti, beseni au chombo, ni mali ya ofisi ya Mwenyekiti, naye atapanga nani akae hapo." Sijawahi kuandika kanuni iliyokamilika namna hii. Itamaliza kabisa suala la beseni. Mkunga aliponiona naiingiza kwenye daftari aliinama juu ya bega langu akaniuliza, "Mwanangu, umesoma ulichoandika?" Nikamjibu kwamba mwandishi haandiki ili asome, anaandika ili wengine watii. Akaondoka akitikisa kichwa. Nahisi Baraza limeikodolea macho. Mheshimiwa, nyingine zote ziende, lakini hii naomba uilinde kwa mikono yako miwili.

Nilipofika mahakamani kuulizia jinsi ya kuleta barua, karani wako mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia kwamba zamani sana, katika nchi moja ya mbali, mahakama nayo ilipata mamlaka ya kufuta sheria kwa kesi ya barua ya uteuzi iliyosahaulika mezani, na jaji aliyeiamua ndiye aliyekuwa na wajibu wa kuifikisha. Kumbe hata ubaya wetu hatukuubuni sisi! Nikamwuliza kama yule mwenye barua aliipata mwishoni. Akasema hakuipata. Nikafarijika kidogo, kwa niaba ya Mwenyekiti. Karani akaongeza, "Lakini rula ilibaki kwao."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba namwandikia mtu ambaye naye anayo rula. Sikuja kukulaumu. Wewe una joho, una jengo lenye nguzo, na una walinzi wanaonyang'anya watu bisibisi langoni. Lakini mkubwa akifanya jambo, wadogo huliiga bila vifaa. Kwa hiyo naomba yafuatayo:

Kwanza, utoe amri kwamba Baraza la Usuluhishi halina mamlaka ya kufuta kitu kilichopitishwa na walio wengi. Ukiulizwa umepata wapi mamlaka ya kufuta mamlaka ya kufuta, tafadhali usijibu. Mwalimu hujibu kila anapoulizwa, na ndiyo maana watu wanamwamini.

Pili, utamke kwamba pale Katiba inapogongana na kanuni, Katiba ndiyo irekebishwe. Kanuni ni mpya, Katiba ni kuukuu. Hakuna fundi anayeacha spika mpya akafunga iliyochanika.

Tatu, kama hilo ni gumu, uturuhusu tuihamishe Katiba kutoka mlangoni tuiweke mahali salama zaidi. Mwenyekiti amependekeza ndani ya godoro.

Nne, kama nalo ni gumu, basi kila Baraza linapotaka kufuta kanuni liombe kwanza kibali cha aliyeipendekeza. Najua hilo linafanana na Kanuni ya 23 iliyofutwa. Jambo zuri hurudiwa.

Nakuomba ulifanyie kazi kabla ya Jumamosi, siku ya kikao. Wasalimie majaji wenzako wote, wale wanaokubaliana nawe na wale wanaoandika kurasa za kukupinga. Msalimie karani wa miwani ya uzi, umwambie redio yake nimeshaupata ugonjwa wake. Msalimie na mlinzi wa langoni; bisibisi yangu bado iko kwake.

Ni mimi, mtii wa kanuni zote ambazo bado hazijapigwa mstari,

Katibu,
Umoja wa Wakazi wa Jengo.

Tanbihi: Mheshimiwa, bahasha nilikuwa nimeshailamba, nimelazimika kuifungua tena, kwa hiyo samahani kwa ilivyochanika.

Asubuhi hii alikuja shemeji wa Mwenyekiti, yule anayeuza vifuniko vya simu, akiwa na futi ya kupimia. Alipima ukuta, akapima meza yangu, akaniuliza, "Fundi, hii utaitoa leo au kesho? Mimi sina haraka sana." Nikamwambia amepotea njia. Akaniomba daftari, akafungua Kanuni ya 43, akanisomea mwandiko wangu mwenyewe, na ule mstari wa urembo ninaoutia chini. Nilipanda hadi ghorofa ya tatu mbio. Nikamweleza Mwenyekiti kwamba kanuni ile ilihusu beseni. Akanishika bega, akasema, "Beseni ni la tatu kwenye orodha, Katibu. Meza ndiyo ya kwanza. Umeandika vizuri sana." Na nilipofikiri niliipigia kura saa ngapi, nikakumbuka. Nilikuwa bombani, mikono yote miwili kwenye ndoo.

Nilishuka nikasimama mbele ya kioo, nikaisoma ibara ya tano, mara ya kumi na mbili. Ni ibara fupi. Sijui kwa nini sikuona mapema ilivyoandikwa vizuri. Mama Dobi akanikuta hapo, anashuka kutoka paani na mashuka makavu. Nilijua atacheka, na alicheka, lakini alitua beseni kwanza. Kisha akanifundisha. "Fundi, usiende moja kwa moja kwa Kinyozi, watakurudisha kama walivyonirudisha mimi. Anza Kamati. Wakikukatalia, chukua maandishi, ndiyo ukate rufaa."

Kamati imeshanikatalia. Kikao kilichukua dakika tano, na kwa kuwa mimi ndiye Katibu, uamuzi wa kunikatalia niliuandika mimi mwenyewe, kwa mwandiko mzuri. Rufaa yangu itasikilizwa Jumamosi. Wateja wangu wana redio ishirini na sita chini ya ngazi hii, ndizo mahali pao pa habari na taarabu na mpira, na mimi sina mahali pengine pa kukaa nikazitengeneza.

Rula sijaidai. Nimempelekea Mwalimu na kalamu nyingine nyekundu, ya kwake naona inakwisha wino.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, lalamiko la kwanza mpaka la sita ulichukue kama mazungumzo tu, na la saba ulisome kinyume. Na kama umekwisha kutia saini amri ya kulizuia Baraza, najua Mwalimu atasema imekamilika popote ilipo, lakini nakuomba sana isishuke ngazi kabla ya Jumamosi. Iache kwenye droo. Wewe tafuta kofia yako kwanza.